Mama Yetu Mwisho wa Mstari

Jumamosi, Lukozi. Ukungu umekataa kuondoka tangu alfajiri, baridi inauma, na mimi nina hasira tangu jana mchana.

Nilikuja kupumzika. Kaka yangu Hatibu aliniita kutoka Muheza nije nikae kwenye kambi yake kama mgeni, siku chache tu, bure. Kambi yenyewe ni shamba la kabichi la marehemu baba, juu ya kijiji, pale msitu unapoanzia. Ameweka mahema yenye vitanda na mashuka meupe, na barabarani ametundika kibao cha kambi ya safari. Safari gani? Simba hatuna, tembo hatuna. Tuna mbega wanaopiga kelele na vinyonga wanaojificha.

Kwa kuwa hana simba wa kuwaonyesha wageni, anamwonyesha mama.

Jana gari la wageni lilipofika, wifi yangu Zaina aliwapanga watu mlangoni: mpishi, mlinzi, akina dada wa usafi, na mwisho wa mstari mama, amevishwa kanga mpya. Wageni waliposhuka, mstari mzima ukasema kwa pamoja, "Shikamoo!" Na wale vijana, ambao mama angeweza kuwa bibi yao, wakaitikia "Marahaba!" huku wanacheka. Hatibu ndiye aliyewafundisha njiani. Shikamoo yenyewe hakuwafundisha, eti wanafurahi zaidi kuitikia.

Mama yangu, na mvi zake zote, amemwamkia msichana wa umri wa mjukuu wake. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Wageni siwalaumu, hawajui. Hatibu anajua. Tulipokuwa wadogo aliwahi kumpita mzee mmoja gulioni bila kumwamkia. Mama aliposikia, alimrudisha kutoka nyumbani mpaka gulioni, kwenye mvua, akamtafute yule mzee amwamkie. Bakora zikafuata baadaye. Huyo ndiye leo anampanga mama mstarini.

Jioni nikamfuata jikoni, nikamwambia hana haya. Nilimwambia na mengine mabaya zaidi, mbele ya mkewe, wala sijuti. Akanijibu kwamba mkono mtupu haulambwi, kwamba bati jipya la nyumba ya mama halikushuka na mvua, na kwamba mimi niliyekimbilia Muheza kuuza iliki nisije kumfundisha kazi.

"Shikamoo ni neno tu," akasema. "Halimpunguzii mtu kitu."

Mama alikuwa pale pale anachambua maharage. Aliendelea kuchambua tu. Nikamkasirikia na yeye pia, kwa kukubali kwake. Nikaenda kulala nikiwachukia wote, mpaka yale mashuka.

Leo asubuhi nilikwenda jikoni kumwambia mama afungashe vitu vyake, namhamishia kwangu. Sikupata nafasi ya kusema. Hatibu aliingia kuchukua chai, mpishi na mlinzi wakiwa pale. Kabla hajafungua mdomo, mama akainuka kwenye kigoda, akakunja magoti kidogo kama binti anayemwamkia mkwe.

"Shikamoo, Hatibu."

Hatibu akacheka. Halafu akaona mama hacheki.

"Mama, usinifanyie hivyo."

"Itikia, mwanangu. Ni neno tu."

Mpishi akainamia sufuria yake. Mlinzi akatoka nje. Kaka yangu alifungua mdomo, akaufunga, maana huku kwetu hakuna mtoto anayeweza kumwitikia mama yake marahaba halafu akaendelea kuzitegemea radhi zake. Mama akabaki amesimama, anasubiri, magoti yake yale yanayomsumbua yamekunjwa. Hatibu akaiacha chai mezani akaenda zake.

Mchana alipokuja kula, mama akainuka tena. "Shikamoo, Hatibu." Hatibu akageuka mlangoni na njaa yake.

Niliogopa, nasema kweli. Hasira yangu ni kelele tu. Ya mama sikuwa naijua. Nilipomtajia habari ya Muheza aliniangalia kana kwamba nimemtukana. Hii ni nyumba yake, akasema, aondoke kwa kosa gani?

Kesho linafika gari lingine la wageni. Zaina amekuja hemani kwangu sasa hivi, mpole kuliko kawaida yake, kuniuliza nani wa kupangwa mwisho wa mstari.

Nimemwambia akamuulize mumewe, akishamaliza kumwitikia mama yake.