Vidonge Nilivyosema Vimemezwa

Busia, Jumapili

Kaka Ofwono mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi Patience na mama. Natumaini mvua za huko Rubongi hazijaozesha mihogo, na kwamba mguu wa mama unapona. Mimi ni mzima, ila silali.

Unajua jinsi mdogo wetu Jovan alivyobadilika alipoacha heroini. Kila asubuhi alikuja hapa kliniki ninapofanya ukarani, akanywa methadoni, ile dawa ya kutuliza hamu ya heroini, mbele ya Sista Nasirumbi. Kwa kuwa alikuwa ametulia, hata dawa zake za virusi vya UKIMWI alizimeza bila kusukumwa. Alinenepa. Sista alimtania kwamba atafutiwe mke kabla suruali haijapasuka.

Kisha akapatikana na kifua kikuu. Alipoanza dawa za kifua, methadoni ikawa haimfikishi asubuhi. Jasho, kuhara, mifupa kuuma, arosto ileile ya zamani ya kukosa heroini. Akasema vidonge vimezidi, ndivyo vinavyoiua methadoni. Akaviacha vyote, vya kifua na vya virusi.

Kazi yangu ni kuhesabu vidonge vilivyobaki mkebeni na kuandika siku ambazo mgonjwa amekosa. Mkebe wa Jovan ulirudi umejaa. Aliniomba nisiandike, akisema, dada, wakijua simezi watanifungia dirisha la methadoni, nami nitarudi kwenye heroini kule nyuma ya malori. Nilimwamini, maana niliogopa hilohilo. Nikaandika kwamba hakukosa hata siku moja. Nimeandika hivyo miezi mitatu.

Alhamisi alianguka getini. Amelazwa, na jana hakunitambua. Daktari alisoma kadi niliyoijaza mimi, akasema kama amemeza zote basi dawa zimeshindwa, itabidi abadilishiwe. Nilimuuliza Sista, kama mtu anayeuliza tu, mgonjwa akiacha vidonge kwa sababu ya arosto hufukuzwa? Alinishangaa. Dawa ya kifua hupunguza nguvu ya methadoni, alisema. Angeongezewa kipimo tu.

Kaka, leo mchana nimempelekea daktari ule mkebe na kumwambia yote. Hakunifokea. Aliuliza tangu lini, akaandika. Wataanza upya, lakini hakuahidi kitu. Kesho nimeitwa ofisini.

Nampa barua hii Ojangole wa boda, kwa kuwa kwenye simu nisingeweza kusema. Njoo na mama kesho asubuhi. Mwambie mkiwa njiani, ila usimwambie kwamba Jovan aliacha dawa peke yake; mwambie na mimi nilimficha.

Wabusu watoto kwa niaba yangu.

Dada yako,
Akello