Gundi Iliyozuia Nyundo

Chumba cha Nyuma,
Karakana ya Useremala.
Jumapili mchana.

Mpendwa Bibi, mchumba wangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi mzima, na uzuri umezidi, usije ukaniona ukamwacha babu.

Shule niliyoiachia njiani haikuondoka na akili zangu. Juzi nimeokoa watu wazima wawili, na wenyewe hawajui.

Mzee Randa alikuwa analainisha mbao karibu na meza ambayo Kifua, mpiga vanishi wetu, ndiyo kwanza ameimaliza. Vumbi lote likaganda kwenye vanishi mbichi.

"Umefanya makusudi," Kifua akasema.

"Vanishi yenyewe maji ya kufulia. Nimekuongezea uzito."

Bibi, sikucheka. Kifua alishashika nyundo, na mzee naye kakamata patasi. Wenzetu wakarudi nyuma. Kuwaamua kwa mikono nisingeweza, Kifua ni kama mimi wawili. Nikachota gundi, nikapaka viungo vya kabati lililokuwa linasubiri kuunganishwa, nikasema kwa sauti, "Gundi inakauka hii, na jiliwa zote za kubania ziko kwenye vitanda. Nani anashika?"

Fundi hawezi kuona kabati linaachia akatulia. Wakatupa vyuma, kila mmoja akakumbatia ubavu mmoja wa kabati, akasukuma. Wakabaki hivyo, wanatazamana, mikono haina nafasi. Nikawaambia gundi hiyo mpya, inataka nusu saa. Uongo mtupu.

Pua ikamwasha Kifua. Akaniomba nimkune, nikajifanya nafagia.

"Jikune na kabati," mzee akamwambia.

Akajaribu kweli. Walicheka mpaka kabati likatikisika, kisha mzee akasema meza ataisugua mwenyewe.

Jioni wakaondoka pamoja, kila mtu kwa watoto wake. Nikafunga mlango, nikaja huku chumbani, nikausimulia ukuta. Nilipofika pa pua nikacheka peke yangu. Hapa wote wananiita Dogo. Jina ulilonipa wewe sijalisikia tangu nije.

Msalimie babu, asininunie. Msalimie shangazi na kuku wake. Mungu akutunze, mfupa kwa mfupa.

Na wewe binamu unayemsomea, usiruke mistari. Bibi akicheka, niandikie alichekaje: kama alijifunika mdomo, kama alikohoa, kama alikuambia urudie. Usifupishe.

Wako akupendaye kumshinda babu,
Mume Mdogo