Simu Zilizobaki Mlangoni

Neema mdogo wangu,

Huku Manassas, Marekani, baridi inauma masikio, na chai inapoa kabla hujaketi. Nikimtaja kaka Eli kwenye simu unakata, ndiyo maana nimenunua kadi hii nikuandikie.

Jana nilimpelekea miwani kazini, kule anakowashauri wakuu wa jeshi la anga za juu jinsi ya kuzuia wadukuzi wasiziingilie setilaiti zao. Niliishia mapokezi. Ukutani kuna visanduku vya chuma, na kila mfanyakazi huacha simu yake humo, maana ndani haziruhusiwi. Moja ikaanza kutetemeka, ikanyamaza, ikaanza tena. Nikamwambia mlinzi, mama mmoja Mkongomani, huenda kuna mgonjwa. Akasema, "Ile hatugusake, dada. Mwenyewe ataiona akitoka."

Hivyo ndivyo simu ya Eli ilivyolia humo kisandukuni ulipompigia mwaka jana, Neema, mama akiomba asikie sauti ya Eli kabla hajakata roho.

Kaka alipotoka alifungua kisanduku chake, akasimama kwanza amefumba macho, ndipo akaitazama simu. Mlinzi akaninong'oneza kwamba hufanya hivyo kila jioni tangu alipofiwa.

Nibusie watoto. Jumapili kaka akikupigia, pokea.

Dada yako,
Anna