Soda Niliyompa Salma

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuanza mazungumzo na wewe kwa namna nyingine.

Nakuandikia kwa sababu nina maswali, na wewe ndiye uliyenizoesha kuuliza. Likizo zangu zote za utotoni nilizimalizia kwako Makurunge, ukiwa muuguzi wa zahanati, na hukuwahi kuniambia ninyamaze. Unakumbuka siku ile nilipotokwa na damu puani pale uani kwako? Jirani alinishika kichwa akakiinamisha nyuma. Ukaja mbio, ukaniinamisha mbele, ukanibana pua pale penye nyama laini, kisha ukamuuliza, "Damu ikirudi nyuma inakwenda wapi?" Yeye alisema hajui. Nikajibu mimi, kwa sauti ya puani, "Tumboni." Ulifurahi kama nimefaulu mtihani.

Na siku mtoto wa jirani huyo alipomwagikiwa na uji wa moto mguuni, mama mtu alikuwa keshafungua dawa ya meno ampake. Ulimzuia, ukanipa kata, ukaniambia nimwagie maji ya mtungini taratibu, nisiache mpaka useme. Mkono ukaanza kuniuma. "Shangazi, mbona mguu umeshapoa?" Ukasema, "Juu umepoa. Ndani je?" Usiku huo nililala nikiwaza moto unaokaa ndani ya ngozi wakati sufuria imeshaondolewa.

Sasa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Bagamoyo. Likizo ya mwezi wa sita nilikubali kuwa mlezi kwenye kambi ya watoto, ufukweni upande wa Mbegani. Watoto thelathini, wiki nzima, walezi watatu. Kwa kuwa nilisema nimelelewa na muuguzi, nikakabidhiwa sanduku la huduma ya kwanza. Ndani mlikuwa na plasta zisizoshika na mkasi wenye kutu. Nililijaza upya, nikasoma fomu za wazazi. Fomu ya Salma, msichana wa miaka kumi na mmoja, ilisema: hana tatizo lolote.

Siku ya tatu, karibu na chakula cha mchana, watoto walikuwa wamemaliza kuvuta kamba. Salma akaketi peke yake chini ya turubai. Rafiki yake Zuhura alipomgusa, akamsukuma. Mwalimu Shabani, mkuu wa kambi, akamkemea, naye akamjibu maneno yasiyoeleweka. Mpishi wetu akasema mtoto ana shetani, asomewe. Mwalimu Shabani akasema ana kiburi, aachwe.

Mimi nilikuwa namtazama jasho, Shangazi. Kila mtu alikuwa akitoka jasho, ila la kwake lilikuwa jingi mno kwa mtu aliyekaa kivulini. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi, na vidole vinatetemeka. Nikataka kujua kwa nini.

"Salma, asubuhi umekula?"

Akanitazama kama hanijui. Nikamgeukia Zuhura.

"Hakula, Mwalimu. Alisema tumbo linamuuma." Kisha akaanza kulia. "Lakini alijichoma sindano yake. Ana sukari. Aliniapisha nisiseme."

Nikamwambia mpishi alete soda, haraka. Mwalimu Shabani akanishika bega. "Mwenye sukari unampa soda? Unataka kumuua?"

Shangazi, hapo nilisita. Nilikuwa na chupa mkononi na watu wote wananitazama. Nikajiuliza vile ulivyonifundisha, hatua kwa hatua. Sindano inafanya nini? Inashusha sukari. Imeshusha, na hakula. Kisha amevuta kamba kwenye jua kali. Sasa ina nini, imepanda au imeshuka?

"Imeshuka, Mwalimu," nikasema. "Akizimia hatutaweza kumnywesha kitu."

Nikamkalisha wima, nikamwambia ameze mate nione. Akameza. Nikampa soda kidogo kidogo. Dakika zile zilikuwa ndefu kuliko safari ya kwenda Msata kwa miguu. Kisha mtetemeko ukapungua. Akauliza, kwa sauti yake mwenyewe, "Kwani kamba tumeshinda?" Zuhura akacheka huku machozi yanamtoka. Nikampa Salma mkate na ndizi, tukampeleka hospitali kwa gari la kambi. Daktari alimpima, akasema tulifanya sawa. Pale kwenye benchi, Mwalimu Shabani akaniomba nimweleze tena, polepole, kwa nini soda.

Mama yake Salma alifika jioni. Nilikuwa nimejiandaa kumlaumu, lakini nikamuuliza tu kwa nini hakuandika kwenye fomu.

"Kambi mbili zilimkataa," akasema. "Mwanangu alitaka kucheza na wenzake, basi."

Salma alibaki mpaka siku ya mwisho. Kila asubuhi alijipima na kujichoma mbele yangu, kisha akala.

Tangu nirudi nyumbani ninakuwaza kwa namna nyingine. Daktari alituambia baada ya kukuzika kwamba presha iliyokuua ilikuwa ya miaka mingi. Ulikuwa unajua? Ulikuwa na kipimo mezani kwako kila siku. Ulikuwa unamficha nani, na uliogopa kukatazwa nini? Mimi niliyekuuliza kuhusu damu, moto, nyuki na mifupa, sikukuuliza hata mara moja wewe unajisikiaje.

Wiki iliyopita nilimpigia kaka yako. Tukasalimiana, akaniambia yuko salama, mihogo inakwenda vizuri. Nikasema, "Baba, kichwa kinakuuma?" Akauliza, "Nani kakwambia?" Nikasema hakuna, nauliza tu. Akasema kinamuuma kila asubuhi tangu mfungo uishe.

Juzi tulimpima presha. Iko juu, ila daktari anasema tumewahi. Ameanza vidonge, na amekubali kupunguza chumvi, ingawa anaitazama mboga kama mtu aliyedhulumiwa.

Mungu akupe raha huko uliko, Shangazi. Huku nitaendelea kuuliza.

Wako,
Binti wa kaka yako