Mchanga wa Mazoezi

Ikwiriri, Jumatano. Jua limewaka tangu asubuhi, na mkono wangu wa kushoto umevimba kuanzia kiwiko. Naandika kwenye simu kwa kidole gumba cha kulia, nimekaa kwa wifi yangu Zainabu, na hasira bado haijashuka.

Daktari wa Dar amekubali kunifanyia upasuaji wa kupunguza unene, ila kwa sharti: nirudi kwake miguu ikiwa na nguvu. Mtu wa uzito wangu akishindwa kuinuka baada ya kisu, damu huweza kuganda miguuni ikamuua. Kwa hiyo najifunza kuketi na kusimama bila kushika kitu, na kunyanyua viroba viwili vya mchanga. Zainabu alivishona, mchanga tukauchota njiani mbele ya nyumba yangu, pale ulipo laini.

Mume wangu hakuuliza ni vya nini. Alikwenda kwa mganga wake huko Ngarambe, akarudi na jibu lake. Eti nachota nyayo zake na kuzificha chini ya kitanda, nipate kumtawala.

Leo mchana akaingia na panga.

Akavichana viroba vyote viwili, mchanga ukamwagika chumba kizima. Nilipomshika akanipiga kiwikoni kwa ubapa wa panga, kisha akanisukuma kwa mikono miwili. Nikaanguka chali.

Si mara ya kwanza. Anajua nikianguka siinuki. Huniacha hapo sakafuni, akaenda barazani kuomba msaada kwa sauti ya huruma, na wenzake huja na jamvi. Hunibingirisha juu yake, wakanivuta hadi kitandani huku wakimpa pole yeye. Mimi hufumba macho. Kuna siku nimetamani kufia juu ya jamvi lile.

Zainabu alisikia kishindo, akaja mbio. Kaka yake alikuwa ameshatoka. Akaninyooshea mkono huku analia.

"Usinishike, wifi," nikamwambia. "Niambie tu cha kufanya, kama siku zote."

Akajifuta machozi. "Haya. Geuka ubavu. Piga goti moja. Pumua kwanza, wifi."

Nikageuka. Nikapiga goti kwenye mchanga uleule, nikashika ukingo wa kinu kilichokuwa karibu na mlango, nikasukuma kwa paja kama nilivyofundishwa hospitali. Nikateleza, kidevu kikagonga kinu, mdomo ukajaa damu. Nikatema. Nikaanza upya, nikimtukana Shamte kwa kila tusi ninalolijua, na Zainabu hakunikataza ingawa ni kaka yake.

Nikasimama.

Walipokuja na jamvi lao walinikuta mlangoni, nimeshika mchi wa kutwangia mpunga. Tangu tuzae, mume wangu namwita Baba Tatu, kwa jina la binti yetu, kwa kuwa huku mke hamtaji mumewe hadharani. Leo heshima hiyo sikuwa nayo.

"Shamte," nikasema mbele ya wenzake, "ukinigusa tena, jamvi hilo litakubeba wewe."

Akacheka, akatanguliza mguu aingie. Nikaushusha mchi. Ulitua kizingitini, pembeni kidogo ya vidole vyake, saruji ikabanduka. Akaruka nyuma. Wenzake wakabaki wameshika jamvi, hawajui waliweke wapi, na mmoja akamwambia taratibu waondoke.

Nitasema kweli hapa, kwa kuwa pale sikuisema. Nililenga mguu. Nilikosa kwa sababu ya mkono mbovu, na mpaka sasa sijui kama ninashukuru au ninajuta.

Daktari anaisubiri miguu yangu, na leo nimeiona ikifanya kazi. Zainabu ameshapata viroba vingine, anavishona hapa pembeni yangu. Asubuhi tutakwenda kuchota mchanga mwingine, palepale njiani.

Safari hii nitauchota kwenye nyayo zake.