Nani Ananikandia Mikate

Hapana, sina mtu wa kunikandia. Ni mashine. Narudia kwa sababu leo mmeniuliza tena huko kwenye maoni, na safari hii bila vile vikatuni vya kucheka.

Alhamisi. Hapa Ngombezi, kambi ya mkonge, mawingu mazito toka asubuhi, joto, mvua haishuki. Nimeuza mikate miwili. Wiki iliyopita saa kama hizi nilikuwa naamua ugomvi wa foleni.

Mashine niliipata Korogwe, kwenye vitu vya mtumba. Zilikuwepo mbili. Moja ina kidirisha cha kioo juu, unaona donge linavyozunguka. Nyingine imefungwa kote, nyeupe kama friji ya zahanati. Muuzaji akazichomeka zote, ile ya kioo ikawa inakwamakwama, nikabeba hii. Unatia maji, unga, sukari, chumvi, mafuta kidogo, hamira juu, unafunga, unabonyeza, unaenda zako kuuza chai. Inakanda, inanyamaza donge liumuke, inaamka yenyewe inakanda tena, inaoka. Mimi niliishia darasa la tano, mashine imenizidi akili na wala sioni wivu.

Ila bora ningechukua ya kioo, kila mtu angeona kinachokanda.

Maana juzi Mama Mwanaidi, Mzigua wa Handeni, alikuja kununua akauliza nani ananikandia, mbona mikono yangu haina unga. Babu yangu alitoka Unyamwezini kuja kukata mkonge hapa, kwa hiyo yule ni mtani wangu, tunataniana hadi msibani. Nikamjibu: "Maiti. Nimewafungia ndani, hawaombi hata likizo."

Alicheka mpaka khanga ikamdondoka. Akasema Wanyamwezi ndivyo tulivyo, hata kuzimu tunatafuta vibarua.

Nyuma yake alikuwa amesimama Mama Rehema, jirani yangu. Mimi na yeye hatuna utani wowote. Mwezi uliopita alimzika binti yake, huyo Rehema, na kazi ya Rehema ilikuwa kukanda chapati mgahawani. Sikumwona. Haki ya Mungu sikumwona. Aliuweka mkate mezani akaondoka.

Sasa kambi nzima inaongea. Eti nina msukule. Eti Rehema hakufa, yuko chumbani kwangu, ananifanyia kazi. Mnajua huku neno hilo likishamkaa mtu linamfikisha wapi. Jana wanaume watatu nisiowafahamu walisimama ng'ambo ya barabara, wakaitazama nyumba yangu. Hawakununua, hawakusalimia.

Leo saa sita mchana mashine ilikuwa kimya, donge linaumuka. Nikasikia mtu dirishani. Mama Rehema, sikio kwenye wavu. Akaita taratibu, kama anaamsha mtoto wa shule: "Rehema. Mwanangu. Mama nimekuja."

Ndani mashine ikaanza kukanda.

Dakika zake zilikuwa zimefika tu. Najua hivyo. Lakini mimi mwenyewe, mwenye mashine, nilifunua mfuniko nikachungulia. Yeye hakupiga kelele. Alikaa chini ya dirisha akawa anaongea nayo, mpaka ikanyamaza ianze kuoka. Nikatoka nikamwambia shikamoo mama, samahani, ni chombo tu.

"Mpumzishe basi," akasema. "Amechoka."

Nina utani wa kila kitu, mnanijua. Hapa sitanii.

Sasa wewe unayesoma, unayekaa hapa kambini na yule mama anakuamini, tufanye biashara. Mlete kesho saa nne asubuhi. Mashine nitaitoa nje, kweupe, nitavuta waya, mfuniko wazi. Atie unga kwa mkono wake, aone kinachokanda ni kichuma kidogo kama kidole gumba. Akiondoka ameridhika, mikate yako ya asubuhi mwezi mzima ni juu yangu. Akiondoka bado anamsikia mwanawe, mashine chukua wewe, ipeleke mbali, hata Mazingara kule Handeni, mimi nitakanda kwa mikono barabarani, kila mtu anaona.

Ila njoo na yeye tu. Wengine waache nyumbani.