Kitenge Chako Hakitarudi Kwao

Mama yangu,

Siku hizi ninaishi Louisville, kwa Mama Mdogo, mtaa wa Beechmont. Shuleni ninakwenda kwa basi. Kiswahili ninakiandika kama ulivyonifundisha, ingawa binti zake wananijibu kwa Kiingereza na kunicheka.

Nina habari za Mama Neema, mwenzako wa kwaya.

Unakumbuka kule Columbus alivyoingia bila kubisha hodi, siku kipandauso kilipokushika? Mapazia yalikuwa yamefungwa, ukiwa na kitambaa chenye maji usoni, hata harufu ya kitunguu ilikuwa inakutapisha. Akaona kichupa cha matone ya bangi, dawa uliyopata kwa idhini ya daktari. Akawasimulia wenzake, na Jumapili iliyofuata kina mama wa kwaya wakakutaka urudishe kitenge cha sare. Ulikipiga pasi kwanza, ukakikunja vizuri. Mimi ndiye niliyekibeba.

Hawakuona nilichokiona: matone chini ya ulimi, usingizi kidogo, kisha unaniita, "Leta hesabu zako tuone." Siku za matone hukugusa usukani wa gari. Ulikuwa mwangalifu kuliko wote waliokusema.

Moyo wako uliposimama, daktari alitueleza kwamba ni ugonjwa wa moyo uliokuwa nao tangu zamani. Lakini msibani, nikiosha vikombe jikoni, nilimsikia Mama Neema akiwaambia wenzake, "Bangi ndiyo imemmaliza." Mkononi alikuwa na sahani ya wali wetu.

Sasa yuko Buffalo kwa mwanawe. Juzi alipiga simu akimtafuta Mama Mdogo, nikapokea mimi. Sauti yake ilikuwa ndogo. Kipandauso kimempata na yeye, daktari wa huko amempa matone kama yako, naye anaogopa kuyatumia.

"Bon, haya mwanangu, mama yako yalimsaidia kweli?"

Nilimwacha asubiri makusudi. Nilimsikia akihema, nikatamani kichwa kimpasuke. Nisamehe, Mama, lakini ilikuwa tamu.

Kisha nikamjibu kwamba ndiyo, yalikusaidia, na mengine amuulize daktari wake. Nikaongeza, "Uliyoyasema jikoni, uje uyafute kanisani."

Akalia. Sikumbembeleza. Mwishowe akakubali kuja hapa Louisville kwenye ibada ya kumbukumbu yako. Kina mama wa Columbus nao wanakuja, na Mama Mdogo amewaambia walete kitenge chako. Nitakivaa mimi.

Nitakaa mbele kabisa, nimtazame mdomo. Akinyamaza, nitachukua kipaza sauti niseme mwenyewe, taratibu, hadi wa nyuma wasikie. Ulinifundisha kusamehe. Huenda nikaweza, Mama, lakini aseme kwanza.

Pumzika, mapazia yamefungwa. Ninakuahidi: kitenge chako hakitarudi tena mikononi mwao.

Binti yako,
Esta